Mbegu za Boga la Koko

Kakiika, Mbarara
Jumapili, mwezi wa saba

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya wote walio nyumbani. Habari za Juru, hapo kambini? Goti lako linaendeleaje, au bado unapanda kwenda bombani ukilishika kwa mkono? Maharagwe mmeyapiga yakiwa makavu, au ile mvua ya mwisho iliyawahi shambani? Na Baba, bado yuko Bwizibwera kwenye kukusanya maziwa, au wamempa ruhusa kidogo aje awaone? Mimi ni mzima. Kikohozi kile kimekwisha. Nakula, nalala, nasoma. Sisi wa kidato cha nne tumeambiwa kwamba likizo ya mwezi wa nane hatutaenda kwetu, tutabaki hapa kujiandaa na mtihani. Kwa hiyo, Mama, usinitazamie njiani. Utaniona mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda.

Barua hii inakuja kwa mkono wa jirani yetu Mama Riziki, ambaye amekuja Mbarara kuuza maharagwe. Amebeba pia kiroba kimoja, na ndani ya kiroba mna boga. Nakuomba boga hilo lisipasuliwe kabla barua haijasomwa yote.

Najua atakayekusomea. Wewe herufi zinakuumiza macho, na kaka Byamungu hana subira, kwa hiyo utamwita mke wake, Solange, mkae pale mlangoni penye mwanga. Nilifikiri nimwombe shemasi akusomee badala yake. Halafu nikaona si vizuri. Mambo yaliyomo humu yanamhusu Solange, na ni afadhali ayatamke yeye mwenyewe kuliko kuyasikia bombani yakiwa yameongezwa chumvi. Wifi yangu, soma kama yalivyo. Usiruke mstari, na usilainishe neno.

Mama, nina wivu. Nimetafuta neno jingine lenye adabu zaidi, sikulipata.

Ulianza siku ile ya mwezi wa kwanza, nilipofika nyumbani kwa likizo. Nilikuwa sijaweka hata sanduku langu chini. Boga la mbegu lilikuwa limewekwa juu ya mkeka katikati ya ua, lile kubwa kuliko yote, rangi ya chungwa, na michirizi ya kijani, na madoa meupe kama mtu amelinyunyizia unga. Mama Riziki alikuwepo, na mabibi wengine wawili wa kwaya. Nilifurahi sana. Nilidhani mlikuwa mnanisubiri mimi. Ulikuwa mwaka wa kwanza bila Koko, na katika nyumba yetu nani mwingine alikuwa amewahi kukaa ubavuni mwa Koko siku ya kupasua boga? Tangu nikiwa mdogo Koko, mama yake Baba, alikuwa akishika kidole gumba changu na kukisukumia mbegu kwenye ukuta wa jiko, moja moja, zikiwa zimevingirishwa kwenye majivu, akisema, "Bandika na nguvu, isianguke. Ikianguka panya anakula musimu wetu."

Basi nikanawa mikono. Nikaja nikapiga magoti mkekani. Na wewe, Mama, ukanyoosha kisu, kikapita mbele ya uso wangu, kikaenda upande wa pili.

Ukasema, "Solange, kamata kisu. Weye njo utapasula."

Nikasema, "Mama, na miye?"

Hukukasirika. Afadhali ungekasirika. Ulisema kwa sauti ile unayotumia kumweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu: "Weye uko mutoto wa kwenda, Sifa. Kesho banakuja na ng'ombe, unaenda kupanda kwa benyewe. Mbegu ya nyumba inabakiaka mu nyumba."

Na Mama Riziki, ambaye hawezi kuacha ukimya upite bure, akaongeza, "Na huyu na sanduku lake, anafanana na bale banakujaka kuhesabu batu! Mumuletee kiti, mugeni asikae chini!"

Wakacheka wote. Solange hakucheka, hilo nalisema kwa haki. Lakini kisu alikipokea.

Najua ni desturi. Najua wewe mwenyewe ulipoolewa ulipokea mbegu hizi kutoka kwa Koko, wala si shangazi zetu waliozipokea, ingawa walizaliwa katika nyumba ile. Ulinieleza mara nyingi jinsi shangazi mkubwa alivyonuna. Nilikuwa nikicheka habari ile. Sikujua kwamba mimi ndiye nitakayekuwa shangazi.

Lakini Mama, boga hili si kama yale ya zamani kule Kivu, ambapo kila nyumba ilikuwa na la kwake na mtu angeweza kuomba kwa jirani. Tulipokimbia, Koko aliacha godoro na sufuria, akaweka boga kichwani, kwa sababu alifikiri sisi watoto tutaona njaa. Tulilila njiani, limechomwa kwenye makaa, nyama yake nyekundu kama mawese. Nakumbuka utamu wake kuliko ninavyoikumbuka nyumba yetu. Koko alizikusanya mbegu kwenye kitambaa chake, na Byamungu alipotaka kuzitafuna akampiga mkono. "Tumekula chakula. Hii si chakula." Katika kambi nzima ya Nakivale sijaona boga jingine la namna ile. Likipotea kwetu, limepotea.

Sasa nisikilize habari ya mbegu za mwisho. Wewe unajua kwamba mbegu za katikati ya boga, zile nene, ndizo zinazokwenda ukutani, na zile za pembeni, upande wa kikonyo na upande wa kitako, hukaangwa watoto wakatafuna. Asubuhi ya kurudi shuleni Solange alinifuata kwenye njia akiwa na kifurushi cha jani la mgomba. Akasema, "Wifi, hizi ni zenye kubakia. Sikukalanga, kuni zilikuwa mbichi. Utakalanga kule ku masomo." Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema: tazama, mwenye nyumba amenipa makombo. Nilikaa kwenye gari hadi Mbarara nikiwa nimekishika kifurushi kile bila kukifungua, nikimwonea wivu hata kwa jinsi alivyokifunga vizuri.

Sikuzikaanga. Nilizipanda.

Nyuma ya jiko la shule kuna kipande cha ardhi ambapo maji ya kuoshea sahani hupita. Ni cha mpishi wetu, mama mmoja Mnyankole tunayemwita Mama Kyomu. Analima hapo maboga yake ya kijani, ya kawaida. Nilimwomba shimo moja. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe mtoto ya Kongo, unakuja shule kusoma ama kulima?" Nikamwambia vyote. Akasema, akiniita kama mama mzima, "Sawa, nyabo. Lakini kama hiyo boga yako nakula maji ya boga yangu, mimi napika yote." Nikachimba, nikaweka samadi, nikafukia zile mbegu nyembamba za pembeni, na kwa kweli sikutumaini. Nilitaka tu kuwa na mahali pa kwenda jioni wenzangu wanapopigiwa simu ofisini na wazazi wao.

Ziliota. Si zote, lakini ziliota.

Mvua zilipokuwa zimekolea, Mama Riziki alikuja sokoni Mbarara, akapita shuleni kunisalimu. Hakuweza hata kukaa kwa kicheko. "Sifa! Ukuta yenu imeota! Jiko la mama yako liko na majani ndani na inje, kuku banaruka ku ukuta kama askari!" Ndipo akanieleza. Solange alikuwa amezibandika mbegu kwa samadi mbichi ya ng'ombe badala ya majivu, kwa sababu kwao, kule juu milimani kwenye ng'ombe wengi, ndivyo wanavyofanya, na kule kwao ukuta haupati mvua. Na kwetu shitingi, lile turubai la plastiki la paa, ilikuwa imepasuka upande ule ule. Maji yakashuka ukutani, samadi ikalowana, na mbegu, maskini, zikadhani zimepandwa. Mlipoamka jiko zima lilikuwa na vijani viwili viwili vikichungulia kutoka kwenye udongo. Mlijaribu kuvihamishia shambani, vikafa. Vingine vikaliwa na kuku. Kwa hiyo hakuna mbegu iliyobaki.

Mama, unataka nikuambie nilihisi nini? Nilicheka pamoja na Mama Riziki. Nilicheka zaidi yake. Nilisema moyoni: haya, mwenye kisu, pasua sasa. Nilitembea hadi darasani nikiwa mwepesi kabisa, kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu Mama Riziki, kabla hajaondoka, aliniambia jambo ambalo lilinirudisha chini. Alisema Solange alijifungia ndani, akalia, akakataa kula, akisema atarudi kwao kwa aibu. Na wewe uliingia, ukamweka kichwa mapajani, ukamsuka nywele upya kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kumsema neno hata moja. "Mama yako hakumukaripia ata kidogo," Mama Riziki alisema, kama mtu anayesifu.

Siku zote mbili zilizofuata sikuweza kusoma kitu kikaingia. Kwa maana mimi ungenikaripia. Ungenikaripia mpaka Juru yote isikie, na shemasi angekuja kukuombea utulie. Mimi nywele zangu nasukwa na msichana wa Isingiro ambaye hanijui, naye huvuta hadi machozi yanatoka. Mbegu nilikuwa nimezoea wazo kwamba ni zake. Mapaja yako sikuwa nimekubali kwamba ni yake.

Solange, hapa najua umesimama kidogo. Endelea tu. Sikuandiki ili ulie tena.

Tangu siku ile nililitunza shimo langu kama mtu anayelinda mahari. Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa amefundisha kwamba nyuki akitoka kwenye ua la boga moja akaingia kwenye ua la boga la aina nyingine, lile boga linalokua litaonekana vilevile kwa nje, lakini mbegu zake zitakuwa zimechanganyika, na mwaka unaofuata utavuna kitu usichokijua. Na maboga ya kijani ya Mama Kyomu yalikuwa yanatambaa mpaka miguuni mwa yangu. Nilimwendea mwalimu, akanionyesha. Ua la kike, lile lenye kiboga kidogo chini yake, unalifunga kwa uzi jioni kabla halijafunguka. Unafunga na la kiume. Asubuhi na mapema unayafungua, unalipaka la kike unga wa la kiume wa aina yake, halafu unalifunga tena mpaka linyauke. Wenzangu walinicheka. "Sifa anaozesha maua!" walisema, na mmoja akapiga vigelegele nyuma ya jiko. Mama Kyomu alitoka na mwiko, akawafukuza, halafu akabaki yeye kuangalia. "Hii kazi yako iko kama ya daktari," akasema.

Maua ya kike niliyofunga yalioza karibu yote. Nafikiri niliyashika kwa nguvu. Moja tu lilishika. Na kando yake, bila uzi wala ruhusa yangu, nyuki walinizalia jingine.

Yote mawili yaliiva. Lile la nyuki, Mama, ungeliona! Lilikuwa kubwa, limejaa, michirizi yake imekaa sawasawa kama imechorwa, na madoa meupe yanang'aa. Wasichana wa bweni letu walitaka kupiga nalo picha. Lile la uzi ni dogo, limelala upande mmoja, na madoa yake ni machache kama aliyeyatia aliitwa katikati ya kazi. Lakini mbegu zake ni za Koko. Za lile jingine hakuna ajuaye.

Mama Riziki alipotuma salamu kwamba anakuja wiki hii, nilijua lazima nitume boga. Siwezi kupanda tena hapa. Mwezi wa kumi na mbili namaliza shule, na shimo ni la Mama Kyomu, ambaye tayari ameniambia anataka hapo kupanda nyanya. Mvua za mwezi wa tisa hazitanisubiri. Ardhi nyingine sina popote duniani.

Nilikaa kati ya maboga yale mawili Jumamosi nzima. Nitakuambia nilichokuwa nikipanga. Nilipanga kukutumia lile zuri la nyuki. Ungelipokea kwa vigelegele, ungemwita Solange, ungempa kisu, angezibandika mbegu, safari hii kwa majivu, na mwakani yangetoka maboga ya ajabu ajabu, ya kijani, yasiyo na ladha. Na mimi ningekuwa na lile dogo chini ya kitanda changu. Ningerudi nalo mwezi wa kumi na mbili, ningesema: mbegu ya nyumba ni hii, iko kwangu. Na wewe ungeninyooshea kisu mimi. Niliifurahia ile picha kwa muda mrefu. Sitadanganya kwamba niliifukuza mara moja.

Kilichoniondoa pale si wema. Mama Kyomu alikuja na panga, akaniuliza, "Sasa nyabo, gani yako na gani yangu? Mimi iko na watu mia ya kulisha." Nikaona mkono wangu umekwenda wenyewe juu ya lile dogo, kulifunika. Lile kubwa nilimsukumia. Alilipasua hapo hapo, akalipika jioni. Lilikuwa na maji mengi, nadhani kwa ajili ya yale maji ya sahani, na halikuwa na utamu. Nililia kidogo kwenye sahani, wakadhani ni moshi.

Kwa hiyo lililomo kwenye kiroba ni lile la uzi, Mama. Ni dogo, lakini ni lenyewe. Usilicheke. Liacheni juani siku chache kikonyo kikauke, ndipo lipasuliwe. Zichukueni mbegu zote, hata za pembeni, wala msikaange hata moja mwaka huu. Majivu, na ukuta wa ndani, ule ulio mbali na moto. Byamungu azibe shitingi kabla ya yote. Solange apasue yeye. Nimesema. Mikono yangu inaniwasha ninapoandika hivyo, lakini kisu ni chake, na aliyenipa mbegu njiani ni yeye, hata kama mimi nilizipokea kama mtu anayepokea tusi.

Nisalimie Baba atakapotoka Bwizibwera, umwambie hesabu sasa naziweza kidogo. Msalimie kaka Byamungu, na umkumbushe ile shitingi mara mbili. Wasalimie mapacha wa jirani, na mke wa shemasi aliyenishonea sketi, bado inanitosha. Litembeleeni kaburi la Koko kwa niaba yangu, mlifagie majani.

Sasa nina ombi moja, na ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi. Nakuomba shimo. Shimo moja tu, nyuma ya jiko, upande wa kulia ambapo mnatupa majivu. Lipandwe mbegu tatu za boga hili, na liitwe la Sifa. Siombi kisu, wala siombi desturi ivunjwe. Solange alipalilie wakati mimi sipo, ale majani yake, apike maua yake akitaka. Na siku wakija watu na ng'ombe wao kunichukua, wakanipeleka mbali zaidi ya Mbarara, shimo libaki na jina langu, na kila msimu mtu apande humo. Nikirudi kusalimia nisiletewe kiti. Nipite moja kwa moja nyuma ya jiko nikaangalie changu.

Ukikubali, sema. Ukikataa, sema pia, nitavumilia, lakini usinyamaze ukaniachia nibahatishe.

Wifi, ukifika hapa, weka barua chini kidogo. Mtazame Mama usoni kabla hajapata muda wa kupanga maneno, halafu uniandikie kwa mkono wako ulichokiona. Nitakuamini.

Mimi ni binti yako, aliye mbali na anayekutamani,

Sifa